Mlinzi wa Viatu

Katika miaka ya themanini, nilipokuwa nimeokoka kupita kiasi, kikundi chetu cha kina mama wanaosuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, hapa Tawa kilialikwa Malesia kuonyesha kazi. Tulikwenda wawili, mimi na mwalimu mmoja kutoka Migwani, mama mcheshi mwenye kamera. Kanisani waliniwekea mikono na kuniombea, nami nikapanda ndege nikijiona mmishonari, ingawa nilichobeba kilikuwa vyondo kumi na viwili na unga wa kupikia ugali.

Baba hakuwa na haja na umishonari wangu. Alikuwa fundi seremala, na ndiye aliyepewa kazi ya kujenga kanisa letu jipya. Alitaka liwe pana, lisilo na nguzo katikati, ili hata mwanamke mwenye mtoto kule nyuma amwone mhubiri. Lakini hakujua boriti zingebebaje paa la upana ule. Alikuwa amesikia kwamba huko niendako kuna nyumba za ibada za zamani sana, kazi ya mafundi wa mbao.

"Mwaitu," aliniambia. Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake. "Ukifika, ingia ndani, angalia juu. Hiyo ingine yote achana nayo. Angalia boriti imeshikwa na nini, halafu ukuje uniambie."

Nikamwahidi. Kitu chenyewe kilikuwa kuinua shingo tu.

Siku ya matembezi wenyeji walituzungusha katika mji wa bandari ambako Wamalei, Wachina na Wahindi wanaabudu karibu mtaa mmoja. Tulianzia hekalu la Wahindu. Mlangoni tukaambiwa tuvue viatu. Nilichungulia, nikaona mungu mwenye kichwa cha ndovu, nikakumbuka ile mikono ya kanisani, miguu ikagoma. Lakini sikutaka kuonekana mshamba, kwa hiyo nikatangaza kwamba nitabaki kulinda viatu. Mwalimu na wenyeji wetu walinishukuru sana. Hata wageni nisiowajua wakaniachia vyao.

Kwenye hekalu la Wachina kisingizio changu kilikuwa moshi wa ubani. Msikitini hakukuwa na sanamu wala moshi, ila nilikuwa nimeshazoea cheo. Nilipanga viatu kwa ukubwa, vya wanaume kando, na nikamkemea mzee mmoja aliyekuja kuchukua viatu vyake mwenyewe.

Mwisho tulifika kanisa la kale. Nikaona sanamu ya Maria na mishumaa mbele yake, nikaamua hao nao wamepotea, nikarudi kuketi mlangoni.

Niliporudi nyumbani, baba alinipokea barabarani. Hakuuliza habari ya ndege.

"Uliangalia juu?"

Niliona haya kumwambia kwamba nilivuka bahari kwenda kuchunga viatu. "Niliangalia," nikasema. "Wanaweka nguzo kama sisi tu."

Baba aliuchukua mzigo wangu. "Basi kama hao wameshindwa, mimi ni nani," akasema. Akasimamisha nguzo sita. Siku ya kufungua kanisa nilitoa ushuhuda mrefu jinsi nilivyosimama imara mbele ya miungu ya kigeni. Waliokaa nyuma ya nguzo walinisikia bila kuniona.

Sasa yule mwalimu alikuwa mchoyo wa filamu. Hakukubali kuipeleka studio kabla haijaisha, na iliisha mwaka uliofuata, kwenye harusi ya bintiye. Alituletea picha mwenyewe, akazimwaga mezani, akamwambia baba huku akicheka, "Mzee, huyu wako alikuwa askari wetu wa viatu! Hakuingia hata mahali pamoja!"

Baba hakucheka. Alivaa miwani. Picha moja ilipigwa ndani ya lile kanisa la kale, kutoka madhabahuni kuelekea mlangoni. Boriti nene zilivuka kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja imeshikwa pembeni kwa mbao za mshazari, na chini yake hapakuwa na nguzo hata moja. Baba aliifuata boriti moja kwa ukucha wa kidole gumba hadi ukutani, akatabasamu peke yake. Kisha kidole kikashuka mpaka mlangoni, ambako mwanamke mwenye kilemba ameketi, mikono amekunja, mgongo ameugeuzia kanisa.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Lakini hapa watu wameingia na viatu." Aliisogeza picha karibu na macho. "Mwaitu, hapa ulikuwa unachunga nini?"

Nilikuwa na jibu refu la kiroho, lile lile la ushuhuda. Badala yake nikaanza kukusanya zile picha nyingine. Niliona aibu hadi nikatamani anigombeze, lakini hakunigombeza. Aliomba tu aachiwe ile picha, akaiweka ndani ya Biblia yake, nasi tukanywa chai.

Lile letu la nguzo sita ndilo kanisa la mwisho alilojenga. Siku hizi mimi huketi nyuma ya nguzo ya tatu, ambapo mhubiri haonekani kabisa. Vijana wa kupokea wageni hunionyesha nafasi mbele, nami huwaambia hapa panatosha.