Maji ya Koko na Pampu ya Mazutu

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, gari la shemasi mmoja lilikataa kuwaka. Vijana walifungua boneti, wakainama wote pamoja, kila mmoja na ugonjwa aliouona yeye: betri, filtri, hewa. Mimi, mama mtu mzima na mzee wa kanisa, nilijikuta nauliza, "Iko na moto ao iko na baridi?" Wakanigeukia, wakacheka. Sikuwalaumu. Wangejuaje kwamba nililelewa na gari la namna hiyo, hapa hapa Ngezi, mjini Bunia, wakati wa vita?

Kaa nikusimulie. Namshukuru Mungu kwa mambo mengi ya utoto wangu, lakini gari lile, hata leo nikilikumbuka, natamani kulipiga teke.

Asubuhi kiwanja chetu kilinuka kahawa na mazutu, dizeli ya gari lile. Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba, na kinu chake kilipokaa kimya ghafla tulijua amesikia risasi upande wa pili wa mji. Alisikiliza kidogo, kisha akaendelea kutwanga. Kila familia ilikuwa imeshapanga njia yake ya kukimbia. Yetu ilikuwa kushuka Kasenyi, kwa mama mdogo, karibu na mitumbwi ya kuvuka ziwa. Sisi wengine wote tungeweza kutembea. Koko, nyanya yetu, hakuweza. Magoti yake yalikuwa yamevimba, na kutoka kitandani hadi barazani aliegemea bega langu. Gari la baba lilikuwa miguu ya Koko. Hilo tulilijua bila kuambiwa.

Na miguu hiyo ilikuwa na kiburi. Asubuhi, likiwa baridi, liliwaka mara moja, kwa furaha kabisa. Lakini lizime likiwa na moto! Baba angezungusha ufunguo mpaka betri ilie, nalo likae kimya kama mtu aliyetukanwa. Lilituacha sokoni. Lilituacha mbele ya shule. Lilituacha katikati ya msafara wa mazishi, wafiwa wakapita kushoto na kulia wakitutazama. Nilisukuma gari lile nikiwa na nguo yangu nyeupe ya kwaya, na tope la Bunia unalijua. Baba alianza kuegesha kwenye miteremko tu. Tulikwenda kusalimia watu tusiowapenda sana, kwa sababu nyumba yao ilikuwa juu ya kilima.

Lakini kwenye barieri, vizuizi vya barabarani, hakuna mtu anayekuchagulia mteremko. Wakati ule barieri ziliota kila mahali, na neno la kwanza la wenye silaha lilikuwa moja: zima gari. Likizimwa pale, likikataa, Koko angeshuka aende wapi?

Fundi wetu alikuwa jirani, mwenye garaji ng'ambo ya barabara. Sauti yake ilifika kabla yake. Alikuwa na gari la aina moja na letu na alilisifu kama mtu anavyosifu mtoto aliyefaulu mtihani. Alibadilisha filtri, akasema, "Kwisha, sasa hata Kisangani unafika." Hatukufika hata posta. Akasema ni hewa. Alilegeza nati za mirija, nami nikaminya pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filtri mpaka kidole gumba kikavimba. Akasema ni enjektere, zile pua za kunyunyizia mazutu ndani ya injini. Akazifungua, akazisafisha, akazirudisha. Kila mara alisema kwisha, na kila mara tulisukuma.

Kisha Koko akaingilia kati. Siku moja, baada ya ibada, gari lilipokataa mbele ya kanisa lote, aliagiza bidoni, dumu la maji, akajikokota hadi kwenye boneti, akaweka mkono juu ya injini. "Huyu mutoto iko na homa," akasema. Akaanza kulimwagia maji taratibu, kama anavyoogeshwa mgonjwa, huku akiomba: "Bwana, gari hii ni yako, na hii watu ni yako." Baba akazungusha ufunguo. Gari likawaka. Kanisa zima likasema amina, na kwaya ikaanza wimbo bila kuongozwa.

Kuanzia hapo hatukutoka nyumbani bila bidoni na Koko. Likizimika, Koko anashushwa, anamwaga, anaomba, linawaka. Mafundi wa nini tena? Baba mwenyewe, mwalimu, alimwambia fundi aache kwanza. Fundi nusura apasuke.

"Mwalimu, munabatiza gari?" alipiga kelele. "Na kesho mutaipa meza ya Bwana?"

"Weye ulifungua hii gari yote," Koko akamjibu kutoka barazani, "na ikakushinda. Nyamaza."

Lakini siku moja alikuja kutazama. Tulikuwa tumetoka kwa mgonjwa, gari lina moto, limezimwa. Fundi akamwambia Koko, kwa adabu iliyomgharimu, "Koko, leo uombe tu. Maji uache." Koko aliomba, tena kwa urefu. Ufunguo ukazungushwa. Kimya.

"Sasa umwage maji, usiombe."

"Nimwage maji kama mupagani? Hapana!"

Fundi akachukua bidoni mwenyewe. Alikuwa amegundua kwamba Koko, kwa sababu ya magoti, hakuweza kufika mbali, kwa hiyo kila mara alimwaga mahali pale pale. Akamwaga hapo, polepole, bila neno. Gari likawaka.

"Niliomba ndani ya roho," Koko akasema.

Fundi hakusikia. Alikuwa ameshika kichwa. "Pompi! Ni pompi ya enjeksio, na mimi ninafungua filtri kama mujinga!" Alitueleza akirusha mikono. Ile pampu inayosukuma mazutu kwenye injini ilikuwa imelika ndani. Ikipata moto, mazutu yanakuwa mepesi, yanavuja humo humo, hayafiki. Ukiipoza, inabana tena. Na kilichoila ni mazutu ya vita, yaliyouzwa kwenye chupa barabarani yakiwa yamechanganywa na petroli, yaani mafuta ya taa. Ile ni kavu, hailainishi kitu. Dawa ni kuweka pampu nyingine, na pampu nyingine Bunia haikuwepo.

Wiki ile risasi zilikaribia. Majirani wa nyuma waliondoka na magodoro kichwani. Baba aliuliza kila garaji, akarudi kila jioni na uso ule ule. Ndipo asubuhi moja fundi akaingia kiwanjani na kitu kizito, kimefungwa kwenye kitenge.

"Umeitoa wapi?" baba akauliza.

"Kwa mujinga moja asiye na haraka," akacheka. "Lete funguo."

Alipiga alama kwa tupa ili pampu ikae pale pale ilipokuwa ya zamani. Aliziba mirija kwa vitambaa, vumbi lisiingie, akinigombeza kila nilipokohoa. Nikaminya tena pampu ya mkono, kidole changu kikalaani, Mungu anisamehe. Liliwaka. Akalizima likiwa na moto. Likawaka tena. Koko alisema amina kwa sauti ndogo, kama aliyenyang'anywa kazi.

Tuliondoka siku iliyofuata. Barierini, njia ya Kasenyi, kijana mwenye bunduki akasema, "Zima gari." Baba akazima. Walipekua mizigo yetu. Koko alikuwa ameshafungua kifuniko cha bidoni. "Haya, mwende," kijana akasema. Ufunguo ukageuka, gari likawaka hapo hapo. Koko akaitazama bidoni yake, kisha akampa yule kijana. "Kunywa, mwanangu." Akanywa yote.

Koko aliishi Kasenyi miaka yake iliyobaki, akazikwa huko, juu ya ziwa. Injini ya gari letu iliishia kwenye mashine ya kusaga mihogo. Tuliporudi Ngezi nilivuka barabara kumsalimia fundi. Garaji ilikuwa tupu, majani yamefika magotini. Gari lake, lile la kusifiwa, lilikuwa bado pale, boneti wazi. Mama wa nyumba ya pili alisema aliondoka kwa miguu, upande wa Komanda, wakati watu wote walipokimbia. Hakuna aliyepata habari zake tena.

Nilichungulia ndani. Mirija midogo ilikuwa imesimama hewani, imezibwa kwa vitambaa vya kitenge kile kile, vumbi lisiingie. Katikati yake, pale pampu inapokaa, palikuwa na nafasi tupu.

Leo pale pana nyumba ya ghorofa. Nami, kila ninaposikia gari likiwaka mara ya kwanza, namtaja kwa Mungu mtu yule mwenye kelele aliyesema hana haraka.