Goti la Mshona Kola

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kola. Mikono ya shati ilishonwa na wengine, mifuko na wengine, vifungo na wengine, na yeye shati zima hakuwahi kulishona tangu aingie kiwandani. Ndiyo maana wakamwita Kola, na jina likamganda mpaka nyumbani. Mkewe akikasirika alimwambia, "Wewe Kola, inua shingo uone wenzako wanavyoishi." Naye alitabasamu na kuinama tena. Alikuwa mtu wa haya, wa kusema maneno matatu mahali penye nafasi ya thelathini.

Mashati yenyewe hayakuvaliwa mtaani kwao. Yalikunjwa, yakatiwa kwenye maboksi, yakapelekwa ng'ambo, kwenye maduka ambayo hakuna mshonaji aliyewahi kuyaona. Zamani yalishonwa hukohuko. Kisha wenye maduka wakaona mafundi wao wamekuwa ghali, wakatafuta watu wa bei nafuu, wakawapata akina Kola. Kazi ikaja, na vyerehani vikaja pamoja nayo, vilevile vilivyokuwa vikitumiwa na wale walioachishwa.

Juma lake la kwanza kazini, Kola aliangusha kibati cha uzi wa chini. Alipoinama kukitafuta aliona kitu chini ya meza. Ulikuwa ubavu wa mwavuli, ule waya mgumu, umekunjwa kwa ustadi. Ncha moja ilishika mguu wa cherehani, yaani kile chuma kinachokandamiza kitambaa, na ncha ya pili iliishia mahali goti linapofika. Hapo pa goti palibandikwa kiraka cha buluu kwenye ubao wa meza, kimelainika kwa kusuguliwa. Mtu alikuwa amekaa hapo miaka mingi. Kola akapandisha goti, chuma kikainuka unene wa unywele, kikashuka.

Siri yote ilikuwa hiyo. Kwenye ncha ya kola, pale kitambaa kinapogeuzwa, wenzake waliachia mkono wa kushoto ili wainue chuma. Kitambaa kikateleza kidogo tu, na kola ikatoka imejikunja kama sikio la punda. Kola hakuachia. Goti lilifanya kazi ya mkono, na ncha zake zote zilitoka zimetulia kama kurasa za kitabu. Watu wakasema ana mkono wa pekee. Mwanzoni aliona haya kusema kuwa mkono si wake, ni wa mtu asiyemjua. Miaka ikapita, na kusema kukawa kugumu zaidi kuliko kunyamaza.

Mwaka huo alikuwa ameamua kuacha. Alitaka kuweka cherehani chake barazani, ashone nguo nzima, kuanzia pindo mpaka shingo, mteja akiwa amesimama mbele yake. Mkewe alikwishapima baraza kwa shubiri. Asubuhi aliyokwenda kumwambia msimamizi, mtu waliyembatiza Kengele kwa sauti yake, alimkuta na mgeni mwenye kamera.

"Kola! Bahati yako," alisema Kengele. "Mikono yako inakwenda ng'ambo."

"Inakwenda yenyewe?"

Washonaji wa karibu wakaangua kicheko. Kengele hakucheka. Alimvuta pembeni, akashusha sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Wamepata watu wa bei nafuu kuliko sisi, nchi nyingine huko. Mifuko wanashona, mikono wanashona. Kola tu ndizo zinawashinda. Watakutazama wewe wajifunze. Wakijua, kazi yote inahamia kwao, watu sitini na wawili tunatoka hapa. Wasipojua, tunabaki."

"Na nikikataa?"

"Unatoka leo, anapigwa picha mwingine. Usinitolee macho, bwana. Na mimi nimo humohumo."

Habari ya baraza ikamfia mdomoni: yeyote atakayerithi kiti chake angeukuta ule waya.

Kamera iliwekwa juu ya kichwa chake, kwenye mkono wa chuma, ikitazama chini. Alishona siku tatu chini yake. Mikono ilionekana vizuri, mpaka mishipa. Goti lilikuwa chini ya meza, gizani. Mgeni alimshukuru, akaondoka na mikono ile kwenye kamera yake.

Cherehani cha jirani kilikuwa cha shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeingia kazini miezi minne nyuma na kulala kwao. Huyu alikuwa na mdomo wa watu wawili, lakini kola zake zilikuwa zikirudishwa kila siku. Alikwishaonywa mara mbili, na ya tatu ni kutoka.

"Shemeji, mbona zako zinalala, zangu zinanyanyuka kama zinataka kusikia umbea?"

"Mazoezi."

"Mazoezi! Nimefanya mazoezi mpaka vidole vinaomba likizo."

Siku moja kibati chake cha uzi kikabingirika hadi miguuni kwa Kola. Akainama kukiokota, akakaa huko chini muda mrefu mno. Alipoinuka alimtazama Kola usoni, akasema neno moja tu: "Kumbe."

Saa ya mapumziko alimfuata bombani.

"Nitengenezee na mimi."

"Nikikutengenezea wewe, wa pembeni yako ataona. Kesho watakuwa nao watu ishirini. Keshokutwa Kengele atajua, na mwenye kamera atarudi."

"Kwa hiyo nifukuzwe?"

"Sijui, shemeji." Alikuwa akikisugua kidole chake kwa sabuni ingawa kilikuwa safi. "Kweli sijui."

"Dada anajua?"

"Hapana."

"Miaka kumi na tisa! Wewe ni kabati, si mtu."

Lakini hakumwambia mtu yeyote.

Mwezi ulipopita, Kengele alimwita ofisini. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwapo yule mgeni wa kamera, na pembeni yake mwanamke wa makamo, miwani ikiningʼinia kifuani kwa uzi wa kushonea. Ndiye fundi wa kola wa kiwanda kile kingine. Alisema kwa lugha yake, na mtu asiyeonekana akafasiri.

"Nimekutazama mara arobaini," alisema mama yule. "Mikono yako yote miwili iko juu ya kitambaa, na bado chuma kinainuka. Nani anakiinua?"

Kola alikisogelea kioo. Hakuna aliyewahi kuitazama kazi yake namna hiyo, si Kengele, si mkewe. Angependa kumjibu. Angependa kuinamia meza ile pamoja naye, wakiwa na ubavu wa mwavuli na koleo, waongee kifundi.

"Tuko wanawake arobaini," mama aliendelea. "Tusipojua kufikia mwisho wa mwezi, tunarudishwa nyumbani."

Nyuma ya Kola, Kengele alikuwa akipumua kwa nguvu. Nje ya dirisha la ofisi watu sitini walikuwa wameinama, na shemeji yake peke yake ameinua kichwa.

"Cherehani kimezeeka," Kola alisema. "Kinarukaruka chenyewe."

Mama alivaa miwani, akamtazama. "Changu pia ni kizee," alisema polepole. "Hakirukiruki."

Mgeni akaingilia. "Nendeni mkanionyeshe kwa simu. Sasa hivi. Juu na chini ya meza."

Kengele, hata alipotaka kunong'ona, sauti yake ilipasua ukuta. "Chini ya meza?" aliuliza, na nusu ya kiwanda ikasikia. Walitembea katikati ya vyerehani, simu mbele, Kola nyuma. Walipofika, shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kola, akijifunga upya kitambaa cha kichwa.

Kengele alipiga magoti, akaingiza simu chini ya meza. Hapakuwa na waya. Palikuwa na kiraka cha buluu tu.

"Hiki nini?"

"Goti linamsumbua," alisema shemeji. "Mzee wa watu, atagonga mbao mpaka lini?"

Mgeni alitazama, akaguna, akakata simu. Kengele akainuka, akajipangusa vumbi. Alitazama kile kiraka kwa mara nyingine, akamtazama Kola, na ilionekana kama anataka kuuliza. Akamgeukia shemeji.

"Na wewe nani amekutoa kwenye kiti chako saa za kazi?" Watu wote walikuwa wakitazama, naye hakuwa na mahali pa kurudi. "Hilo la tatu. Kachukue mfuko wako."

Kola alifungua mdomo. Neno alilokuwa nalo lilikuwa moja, na neno hilo lingewatoa wote. Akaufunga.

Jioni mkewe aliweka sahani kwa kishindo. "Miezi minne mmekaa bega kwa bega! Umeshindwa kumfundisha mdogo wangu kola moja?"

"Dada, mwache," alisema shemeji akitafuna. "Mimi na kola hatukuandikiwa."

Asubuhi Kola alimkuta shemeji mlangoni na kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kichwa. "Umesahau mwavuli wako," alisema, na mara ile hakutania. Yeye alikuwa akienda kutafuta kazi ya kufua.

Kola alifika kabla ya wengine, akalala chali chini ya meza, akaufunga waya mahali pake. Saa nne Kengele alipita na kumwinamia sikioni. Wale wa huko wameshindwa. Wenye maduka wametoa miaka mitatu mingine kwa kiwanda hiki.

"Ila wanataka kola zako wewe. Wamelitia hilo kwenye mkataba. Hata ukiugua nijue mapema. Ulikuwa na neno asubuhi ile ulipomkuta mgeni wa kamera?"

"Hapana," alisema Kola.

Aliwaza wanawake arobaini wakikusanya mifuko yao, na yule mama akikunja uzi wa miwani. Kiti cha pembeni kilikuwa tupu. Barazani kwake shubiri za mkewe zilikuwa zimeandikwa kwa chaki ukutani, na mvua ilikuwa bado haijazifuta.

Kile kiraka cha buluu kilikuwa kimetoboka. Alichukua kipande cha kola iliyobaki, akakibandika juu yake, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikashika. Kisha akavuta kitambaa kilichofuata, akafika kwenye ncha, akapandisha goti.