Madawati Yenye Wenyewe

Siku ile shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, alituita kwenye shule kuukuu, huku pembeni mwa Kasongo, tutafute namna ya kuamsha mtaa wetu. Mawazo hayakukosekana. Mmoja alitaka watu wazima wafundishwe kusoma, mwingine alitaka mafundi wafundishe kushona na useremala. Nilifurahi, maana nilikuwa nimechoka na watu wa kulalamika tu.

"Basi mukae, tuanze," shefu akasema.

Hakuna aliyekaa. Madawati yalikuwa pale, yamepanguswa vizuri, na watu wamesimama ukutani kama wageni. Nikakasirika. Nikauliza kama tumekuja kufungua shule ao kuilinda.

Mama jirani yangu akanijibu polepole, "Pale iko pa mutoto wangu."

Mtoto wake alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu, shimo likaporomoka, maiti haikuonekana. Na kwetu hatukai matanga bila maiti. Kwa hiyo mtoto yule hajafa, na nafasi yake haikaliwi. Nikatazama nyuso za wengine, nikaona kila mmoja ana dawati lake analolikazia macho. Hasira ikanitoka.

Masomo yalianza, sisi tukiwa chini kwenye mikeka. Mwalimu, mgeni kutoka Kindu, aliuliza kwa nini tunaumiza migongo na madawati yako wazi.

Nikamjibu mimi.

"Iko na wenyewe, mwalimu. Hawajafika."