Nambari ya Mwenye Nyumba

Watu wakinisikia nasema nina hasira na mjomba wangu, hushika kichwa. Mjomba, ndugu wa mama, aliyesimama kwenye nikahi yangu na akasimama tena kwenye talaka yangu! Basi na washike. Hasira ninazo na sizifichi.

Nilikuwa muuguzi katika zahanati moja huku Kisauni, nakaa Mtopanga kwa mama pamoja na binti yangu wa miaka saba. Nikapata kazi hospitalini Maskati. Kazi nzuri, ila mtoto hangepewa viza mpaka niwe na mkataba wa nyumba kwa jina langu mwenyewe. Kukaa kwa jamaa hakukuhesabiwa, wala kitanda cha bweni la wauguzi. Bila karatasi hiyo ningeondoka peke yangu, na mtoto abaki.

Miezi miwili nilitafuta nyumba ya ng'ambo nimekaa jikoni kwa mama, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Kila dalali wa kule aliniuliza mume yuko wapi. Nikisema sina, nyumba papo hapo imeshachukuliwa. Mmoja aliniambia bila haya kwamba mwanamke peke yake huleta maneno kwenye jengo. Nilimkatia simu nikaenda kufua nguo ambazo hata chafu hazikuwa.

Mwishowe muuguzi mwenzangu aliyetangulia kule akanipatia mzee mmoja mwenye fleti, Mwarabu mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Huyo hakuniuliza habari za mume. Aliuliza mtoto yuko darasa la ngapi, akasema skuli iko nyuma ya jengo, atakwenda kwa miguu. Akatuonyesha vyumba kwenye simu. Binti yangu akachagua kile kidogo chenye pazia la kijani, akaanza kuniambia kitanda chake kitakaa upande gani. Mzee akaahidi kunitumia mkataba Jumatatu nitie sahihi.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga. Mama alisema, "Mpe mjombako nambari, amwamkie huyo mwenye nyumba. Ajue una wenyewe." Kwetu ndivyo yafanywavyo: mwanamke hapatani na mwanamume asiyemjua bila mkubwa wake kupeleka salamu. Sikuona ubaya. Nikampa nambari kwa mkono wangu huu.

Jumatatu mkataba haukuja. Jumanne nikampigia mzee, naye akanijibu kwa upole mwingi: "Mwanangu, mjomba wako amenieleza. Kumbe una jamaa zako hapa hapa Maskati. Amesema utakaa kwao. Mimi siwezi kuingia baina yako na wazee wako."

Nilivaa buibui nikavuka kwenda Likoni. Kwenye feri nilikuwa nikigombana na mjomba kimoyomoyo, kumbe midomo inacheza, mpaka mama mmoja akanishika mkono akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo, naumwa.

Nilimkuta mjomba Timbwani, huko huko Likoni, kibarazani kwake, ametoka kuswali alasiri. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akaagiza niletewe chai. Nikamuuliza kwa nini amenivunjia nyumba yangu.

"Nyumba gani?" akasema. "Binamu yangu ana nyumba nzima kule. Wewe ukapange kwa watu baki, watu watatuonaje? Watasema tumemtupa mtoto wa kike."

"Na binti yangu, mjomba? Viza yake je?"

"Mtoto ana nyanyake."

Alisema hivyo tu, akanywa chai yake. Wallahi damu ilinichemka. Amenitilia mchanga kitumbua changu, halafu hata hajui kama kuna kitumbua.

Nikamwambia ampigie yule mzee sasa hivi, nami siketi mpaka apige. Akapiga. Wakaulizana hali, wakaulizana watoto, wakaulizana joto, kisha wakaingia kwenye habari za Unguja na nani alisoma chuo cha Kurani kwa nani. Nikaona huyu hatasema. Nikamnyang'anya simu mkononi, jambo ambalo sijapata kulifanya tangu nizaliwe.

"Mzee, mpangaji ni mimi," nikasema. "Tulilopatana mimi na wewe liko pale pale."

Akaniambia ameshatoa ufunguo asubuhi ile, kwa bwana mmoja na mkewe. Aliniomba radhi, na nikajua ameomba kwa kweli.

Nilimrudishia mjomba simu yake. Akaipangusa kwa kikoi, akasema, "Basi, mwanangu. Mungu hakupenda."

"Mungu hakupiga simu, mjomba. Ulipiga wewe."

Nikaiacha chai pale pale nikaondoka.

Mama alininunia siku tatu kwa kumvunjia heshima ndugu yake. Nami nikapanda ndege peke yangu. Kwa binamu yake mjomba nilipokewa vizuri, nikalishwa, nikapewa chumba, nikaitwa mwanetu. Sikuwa na pa kulalamika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kupata nyumba nyingine itakayonikubali. Mpaka leo mjomba huwaambia watu kwenye harusi kwamba yeye ndiye aliyenitafutia pa kukaa Maskati.

Binti yangu alifika akiwa amefikisha miaka minane, amerefuka, meno mapya mbele. Nilimwonyesha chumba chake. Akaweka begi karibu na mlango, hakulifungua. Mimi nikaenda kupika. Baada ya muda nikamwona amesimama kizingitini mwa jiko, mikono ameikunja mbele, kama afundishwavyo mtoto aliyekwenda kwa watu.

"Samahani," akaniambia. "Naomba maji ya kunywa."