Nyumba ya Mgongoni

Mara ya pili nyumba yake ilipong'olewa, Wanjugu hakulia. Alisimama kando, mikono kifuani, akawatazama ng'ombe wakivuta nguzo moja baada ya nyingine mpaka paa likalala chini kama kuku aliyechinjwa. Peterson, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa ndiye anayewachapa ng'ombe.

"Shemeji, hakuna anayekufukuza," alisema akijipangusa mikono kwa majani. "Lakini nyumba hujengwa na mwanamume, na wewe huna mwanamume wala mtoto. Ukitaka pa kulala, kwangu kuna jikoni."

"Jikoni kwako kuna mbuzi."

"Basi mtapashana joto."

Wanaume waliokuja kumsaidia Peterson walicheka. Wanjugu alisahau mengi ya siku ile, lakini kicheko kile hakukisahau.

Shamba lenyewe lilikuwa juu ya Molo, kwenye njia ya kwenda Kuresoi, mahali ambapo baridi huingia kwenye mifupa na kukataa kutoka. Mzungu alipouza na kwenda zake, wafanyakazi wake na watu wengine waliungana wakalinunua, kisha wakagawana kwa kura. Hiram, mume wa Wanjugu, alipata kipande kizuri karibu na kijito. Watu walisema Hiram ana bahati. Hakuna aliyesema kwamba mkewe alichuma maua ya pareto miaka yote ile mpaka vidole vikageuka rangi, wala kwamba mgao ule ulitoka katika migongo miwili. Hiram alikufa kwa kifua kabla hajamaliza kuezeka.

Kamati ya shamba ilikuwa na kanuni moja ambayo kila mtu aliijua. Kabla mpimaji wa ardhi hajaja kupigilia vigingi, wazee wa kamati wangezunguka kila kipande. Kipande chenye makao ya mtu kingeandikwa jina la mtu huyo. Kipande kisicho na makao kingekwenda kwa jamaa wa karibu. Jamaa wa karibu wa Hiram alikuwa Peterson. Kwa hiyo Peterson hakuhitaji kumpiga shemeji yake wala kumtukana. Alichohitaji ni kuhakikisha kwamba wazee wakipita, hapana nyumba.

Wanjugu alishuka Nakuru, nusu ya njia kwa miguu na nusu kwa lori la viazi. Nyuma ya stesheni alipata kazi katika karakana ya mjane mmoja wa Kihindi aliyeitwa Bhagwanti, aliyekuwa akishona maturubai ya malori na mahema ya watu wa safari za porini. Kazi ilikuwa ngumu. Shazia, ile sindano nene ya kushonea turubai, ilitoboa vidole, nta ilinuka kichwani mpaka usingizini. Lakini huko ndiko wazo lilikomjia, siku alipokuwa akikunja turubai na kuona jinsi kitu kikubwa kama paa la nyumba kinavyoweza kuwa kifurushi cha kubebwa mgongoni.

Alijiambia: kitu kisichosimama hakiangushwi.

Akaanza kukusanya mabaki. Kitambaa chepesi cha hema alichokipaka nta mwenyewe kikawa paa, lenye kitanzi kila pembe. Kisha akashona mfuko mrefu wa turubai, wenye mdomo wa kufunga kwa kamba, wa kuingia mtu mzima na blanketi lake. Bhagwanti alimkuta akiushona, akasimama juu yake na miwani yake puani.

"Wewe nashona nini? Mfuko ya maiti?"

"Ni nyumba, mama."

"Nyumba iko na dirisha. Hii iko shimo tu."

Wanjugu aliendelea kushona. Alikuwa amefika mahali ambapo ushauri wa mtu, hata mwema, ulisikika masikioni mwake kama kicheko cha wale wanaume. Alifunga kifurushi chake, akaweka kamba kipajini kama wabebavyo kuni wanawake wa kwao, akarudi Molo. Wakati wa kuvuna viazi ulikuwa umefika, na mtu mwenye shazia hakosi kazi huko juu, kwa maana kila shamba lina rundo la magunia yaliyotoboka. Mchana angetembea shamba hadi shamba akishona magunia. Jioni angerudi kulala kwenye kipande chake.

Alilala mara ya kwanza hapo hapo nyumba ilipokuwa, ndani ya mfuko wake, mdomo umefungwa vizuri baridi isiingie. Mvua haikunyesha. Hata hivyo alipoamka blanketi lilikuwa limelowa chapachapa, na nguo zake pia, na meno yalikuwa yakigongana. Aligusa nyasi nje, zilikuwa na umande wa kawaida tu. Aligusa mfuko kwa ndani, ukatiririka maji.

Wanjugu alijua nani amefanya jambo hilo. Hakungoja hata kukauka. Alikwenda moja kwa moja kwa Peterson, akasimama mlangoni pake huku nguo zikidondoka maji.

"Umenimwagia maji nikiwa usingizini."

Peterson alikuwa akinywa uji. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mimi nimelala hapa. Muulize mke wangu."

"Basi umemtuma mtu."

"Shemeji, watu wazima tukilowa usiku, hatuendi kumlaumu jirani," Peterson alisema taratibu, na mkewe akageuza uso ili asionekane akicheka.

Habari hiyo ilienea shambani kabla jua halijapanda. Wanjugu aliishi na aibu ile mpaka aliporudi Nakuru kununua uzi, akamsimulia Bhagwanti, bado akiwa na hakika kwamba ni njama. Bhagwanti aliweka mkasi chini.

"Nani namwaga maji? Wewe nalala, napumua, hapana? Pumzi iko maji. Wewe nafunga mlango yote. Maji taenda wapi?"

Wanjugu alishusha kifurushi, akaupapasa mfuko kwa ndani. Maji yale yote yalikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amejifungia ndani nayo, kisha akaenda kumtafuta mwenye kosa. Hakulipenda wazo hilo, na hakulitoa mdomoni kamwe, lakini lilikaa naye.

Bhagwanti alimpa chandarua kilichochanika, cha mahema ya wawindaji. Wakaufumua mfuko pamoja. Waliacha turubai chini tu, lililopanda kidogo kando kama ukingo wa sinia, na sehemu yote ya juu wakashona chandarua, mshono mara mbili ili hata siafu asipate pa kupita. Kamba moja ya juu, usawa wa kifua, ilikiinua chandarua kisimlalie usoni. Kilikuwa chepesi hata upepo ungeweza kukichukua.

"Mvua iko kazi ya paa," Bhagwanti alisema. "Wadudu iko kazi ya wavu. Wewe kazi yako nalala. Hapana changanya."

Yeye pia alikuwa mjane. Shemeji zake pia walikuwa wakiizunguka karakana ile kama tai. Hawakuzungumza juu ya mambo hayo hata siku moja, lakini Bhagwanti hakudai bei ya chandarua.

Basi Wanjugu alijifunza. Alijifunza kufunga paa kwa fimbo yake ya kutembelea upande wa mbele, na nyuma kulibana chini kabisa, kuelekea upepo unakotoka. Paa likiwa juu mno, mvua hupiga kwa pembeni. Likiwa chini mno, unyevu hukosa njia. Alijifunza kutolala bondeni, ambako baridi hukusanyika kama maji. Siku siafu walipopita, aliwatazama wakipanda juu ya chandarua, safu nzima, na kushuka upande wa pili wakiendelea na safari yao, naye yuko ndani hajaguswa. Alicheka peke yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Hiram azikwe.

Asubuhi alikung'uta, akakunja, akafunga, akaweka kamba kipajini, akaenda kushona magunia. Hakuthubutu kuviacha vitu vyake pale, kwa maana Peterson angevichukua. Aliondoka na nyumba yake yote mgongoni, pamoja na mkebe uliotobolewa matundu ambamo aliweka makaa ya moto chini ya jivu. Nyuma yake hapakubaki kitu ila nyasi zilizolala. Alijiona mjanja. Hakujua kwamba kila asubuhi anamfanyia Peterson kazi yake.

Jirani yake ng'ambo ya kijito alikuwa Cheptanui, mke wa Kipkemei. Wanjugu hakuwa akimsalimia, kwa kuwa ng'ombe waliong'oa nyumba yake walikuwa wa Kipkemei. Cheptanui alikuwa amejaribu mara moja kueleza kwamba ng'ombe waliombwa kwa ajili ya kulima. Wanjugu alimwambia, "Ng'ombe hawana kosa," akapita.

Mvua kubwa za mwaka huo zilipenya kila mahali. Nyumba za shamba lile zilikuwa mpya, zimeezekwa haraka, na moto ulizimika katika mafiga mengi. Asubuhi moja Wanjugu akiwa bado hajashusha paa lake, alimwona Cheptanui akivuka kijito, shuka kichwani, kigae mkononi. Alijua anakuja kufanya nini. Huko kila mwanamke alijua mwendo wa mtu anayekuja kuomba moto.

Cheptanui alisimama mbali kidogo, kama mtu anavyosimama nje ya mlango.

"Hodi hapa."

Hakuna aliyewahi kumbishia Wanjugu hodi tangu nguzo zing'olewe. Alikuwa na neno tayari mdomoni, la ng'ombe, na lilikuwa limenolewa muda mrefu. Alimtazama mwanamke yule akitetemeka. Alitazama chandarua chake, kikavu, pumzi yake yote ya usiku imetoka na kwenda zake.

"Ingia, unalowa," alisema.

Cheptanui aliinama chini ya paa. Wanjugu alifukua jivu kwenye mkebe, akachagua kaa lililoshika vizuri, akalitia kwenye kigae. Hakutabasamu. Ingekuwa uongo kusema walikuwa marafiki baada ya siku ile.

Kamati ilikuja mvua zilipoisha. Wazee walitembea kutoka kipande hadi kipande, na Peterson alikuwa nao tangu asubuhi, amevaa koti. Mwenyekiti alikuwa mzee Kipketer, aliyewahi kuwa mnyapara wa maziwa kwa yule mzungu. Walipofika kwenye kipande cha Hiram, walikuta uwanja mtupu na Wanjugu amesimama katikati, kifurushi mgongoni.

"Mama, nyumba yako iko wapi?"

Wanjugu alishusha kifurushi. Akasimamisha fimbo, akafunga paa, akapigilia vigingi vyake, akatandaza chandarua chini yake. Alifanya haraka, bila kukosea. Alipomaliza wazee waliizunguka, mmoja akaigusa kwa mkongojo.

"Imeshonwa vizuri," Kipketer alisema. "Lakini mama, hii ni nyumba ya kwendea, si ya kukaa. Mtu anaweza kuisimamisha leo kwa sababu sisi tumekuja."

"Nalala hapa tangu viazi vya mwaka jana."

"Watu wangu wamepita hapa mchana mara nyingi," Peterson alisema. "Hata jivu hawakuona."

Hilo lilikuwa kweli. Wanjugu alitazama chini. Alikuwa amelificha jivu mwenyewe, akalimwaga kijitoni, asubuhi baada ya asubuhi, ili adui asipate pa kushika. Sasa yeye pia hakuwa na pa kushika. Alianza kufungua kamba za paa.

Kipketer alimzuia kwa mkono. "Ngoja. Wazee wetu hawakuuliza nguzo ngapi. Waliuliza jambo moja: nani ameomba moto hapa? Mpita njia huomba moto. Mwenye makao huombwa." Akageukia watu waliokuwa wamekusanyika. "Yuko aliyeomba moto kwa mama huyu?"

Watu walitazamana. Wanjugu hakuinua macho. Alihesabu moyoni watu wote aliowapita bila salamu, na hesabu haikumpa tumaini.

"Mimi," sauti ilisema.

Kipkemei alimgeukia mkewe. Peterson pia.

"Wewe una moto wako," Peterson alisema.

"Ulizimika. Nilivuka mto nikabisha hodi, akanikaribisha ndani, akanipa kaa. Tulipikia uji wa watoto." Cheptanui alikuwa akimwambia Kipketer, si Peterson. "Na nyumba yake haikuvuja. Yangu ndiyo ilivuja."

Mzee mmoja alicheka, lakini kicheko hiki hakikuwa kama kile kingine.

"Mzee, huo ni wavu tu," Peterson alianza.

"Basi nenda ukauangushe," Kipketer alimwambia. "Ng'ombe wale wako wapi?"

Jina lililoandikwa kwa kipande kile lilikuwa la Wanjugu. Peterson hakuomba msamaha, naye Wanjugu hakungoja aombe. Nguzo zake mbili za zamani bado zilikuwa zimeziba mapengo katika zizi la Peterson, naye aliziona kila alipopita, mpaka uzeeni.

Asubuhi baada ya kamati kupita, Wanjugu alikuwa amekaa mbele ya mafiga matatu mapya, ya mawe makubwa ambayo mtu peke yake hawezi kuyabeba, aliposikia hodi. Cheptanui alikuwa amesimama pale pale aliposimama siku ile, kigae mkononi.

"Moto umezimika," alisema.

Wanjugu alitazama ng'ambo ya kijito. Moshi ulikuwa ukipanda kutoka kwenye paa la Cheptanui, umenyooka na mnene, wala hakuna aliyejaribu kuuficha.

Alichagua kaa zuri, akalitia kwenye kigae.