Kikombe cha Shangazi

Kila ninaponusa munkoyo, hata katika mji wa ugenini, namwona shangazi yangu aliyeuza kinywaji hicho cha mahindi kule Ruashi. Kabla ya msimu wa mpira aliwaapia wanaume wa mtaa: "Ekipe yetu italeta kikombe. Ikikosa, nitavaa kijani ya bale wapinzani ba Kipushi!"

Timu yetu ikamaliza ya mwisho. Wanaume wakaja wakicheka: "Mama, kikombe iko wapi?"

Nilitamani ajifiche. Akatoka amejifunga kitenge cha kijani, kichwa juu, mkononi kikombe cha munkoyo kinachotoa povu. "Iko hii! Mukunywe."

Walicheka mpaka wakaketi. Kisha mmoja akauliza taratibu kuhusu msimu ujao, "Na mwaka yenye kuya, mama, unasema nini?"

Wote wakasogea karibu wamsikie.