Breki iliyojikanyaga yenyewe

Saa tatu asubuhi, mtaa wa gereji mjini Tarime. Kitu cha kwanza anachokiona mteja wa fundi Scholastica Mokami ni nyayo zake. Kichwa kimezama chini ya dashibodi ya pikapu nyeupe, mgongo uko sakafuni mwa gari, miguu imetokeza mlangoni kama mzigo uliozidi urefu.

"Shikamoo Mzee Heche," sauti inatoka huko chini. "Nasikia umemfukuza Okal."

"Marahaba. Nimemfukuza, ndiyo. Mlevi haendeshi gari yangu."

Nyayo zinatulia ghafla. Scholastica anajikokota nje, anafuta mikono kwenye khanga kuukuu iliyofungwa juu ya ovaroli, macho yamemtoka.

"Mlevi? Umempima na nini? Mimi gari sijamaliza kuipima, wewe mtu umeshampima!"

Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kwenye umeme wa magari, kazi aliyoiiba kwa macho akikaa kando ya kaka yake. Mtaani wanamwita Mama Mita, kwa kile kipimo cha umeme anachokivaa shingoni kwa kamba kama daktari. Wachokozi wanaapa kwamba hata mchumba wa Robi, binti yake, alipokuja kujitambulisha alipimwa nacho, akakutwa hana chaji.

Leo hataki utani. Okal Oduol ameendesha pikapu ya Heche miaka tisa. Siku hizi anabeba viroba vya mawe kutoka maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, ya Nyangoto kwenda kwenye karasha, mtambo unaosaga mawe ili dhahabu itoke. Tangu bei ya dhahabu ipande, Nyangoto hakulali mtu. Mabeseni ya kuogeshea watoto yameenda kuoshea mchanga. Inasimuliwa kuna mama aliyefua soksi za mumewe mchimbaji, akachuja maji yake, akanunua mbuzi.

Jumanne, pikapu ilikufa nguvu katikati ya mlima. Okal alikanyaga mafuta, injini ikaguna tu kama mgonjwa anayeamshwa. Bodaboda waliokuwa nyuma waliona taa za breki zinawaka mlima mzima. Kabla gari halijafika mjini, habari ilikuwa imeshafika stendi: Okal kalewa, kasinzia na mguu juu ya breki.

Heche alilipeleka gari kwenye gereji moja kubwa yenye kompyuta ya kupimia. Kompyuta ikasema breki ilikanyagwa muda wote. Mafundi wa hapo wakaongeza kwamba na gia boksi imekufa, alete milioni moja na laki nane. Heche akashindwa bei, akaleta gari kwa Mama Mita, ila njiani alimsimamisha Okal stendi, akamnyang'anya ufunguo mbele ya watu na kumwita mlevi.

"Okal ni Msabato!" Scholastica anafoka. "Hata chai ya rangi hanywi! Miaka tisa umemkabidhi mali, leo unaamini kompyuta iliyomfahamu dakika kumi?"

"Kompyuta haina undugu na mtu, mama."

"Haya. Panda kwenye kiti cha dereva. Vua viatu."

"Viatu vya nini?"

"Vua, mzee wangu. Miguu yote miwili weka juu ya dashibodi."

Heche, mwenye ng'ombe sitini na heshima zake, anapandisha miguu. Soksi moja ina tundu. Mafundi wa jirani wanaacha kazi. Scholastica anageuza ufunguo, kisha anakwenda nyuma ya gari.

Taa za breki zinawaka, nyekundu pyu.

"Sasa Mzee Heche, nani anakanyaga? Na wewe umelewa?"

Kicheko kinapasua mtaa. "Yawa!" anashangaa kwa Kijaluo muuza vipuri ng'ambo ya barabara.

Scholastica hacheki. Anarudi chini ya dashibodi, kwenye sensa ya pedali ya breki, kidude kisichozidi kiberiti kinachoiambia kompyuta ya gari pedali iko wapi. Kikisema breki imekanyagwa, kompyuta inaibana injini, hata dereva akandamize mafuta namna gani.

Anapima waya wa moto: volti tano, sawa. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi: mzima. Waya unaopeleka habari, pedali ikiwa imeachwa, ulitakiwa usome chini ya volti moja. Unasoma tatu na nusu.

Anachomoa soketi. Ndani mna kutu ya kijani na tope laini. Analisogeza juani kwenye kidole, nalo linameta.

"Mzee, hii gari imeoshwa ndani kwa maji?"

Heche anashusha miguu polepole. "Jumamosi."

"Nani kaosha?"

"Mimi. Kwa pampu. Okal alikuwa kanisani. Nilikinga beseni chini ya mlango, maana vumbi la viroba vile... lina kitu."

"Ukapata?"

"Dhahabu yenyewe haikufika hata kichwa cha njiti ya kiberiti."

"Nyingine hii hapa," anamnyooshea kidole kinachometa. "Imekaa kwenye sensa. Na kwa hiyo hiyo umemwita mtu mlevi!"

Ukali huo una historia. Mwaka 2011 naye alifukuzwa gereji, akidaiwa kuunguza kompyuta ya lori. Baada ya miezi mitatu iligundulika panya walikuwa wamekula waya. "Walinifukuza mbele ya watu, wakagundua kosa kimyakimya," anasema. "Hakuna aliyekuja kuniambia. Mpaka leo wapo wanaojua niliunguza."

Saa sita amefunga sensa ya mtumba ya shilingi elfu arobaini na tano. Mita inasoma sifuri pointi saba, chini ya volti moja. Taa zimezimika, gia boksi ni nzima kabisa. Heche ananyoosha mkono apewe ufunguo.

Ufunguo uko shingoni kwa Scholastica, kwenye kamba ya mita.

"Jina lake umelichafulia stendi, nenda ukalisafishie stendi. Kwa sauti ile ile."

Heche anakwenda, Scholastica nyuma yake na ufunguo. Katikati ya bodaboda na mabasi ya Musoma anapaza sauti: "Jamani, Okal hakulewa. Gari niliiharibu mimi, kwa maji."

Hapo Scholastica anampa Heche ufunguo, naye anamkabidhi Okal, anayeupokea kwa mikono miwili. "Asante, mzee. Ila Jumamosi nitakwenda nao kanisani."

Scholastica ameshajiandikisha kufanya mtihani wa mafundi waliojifunzia kazi mitaani mwaka huu, apate cheti atakachokitundika juu ya meza yake.

"Nataka kile cheti," anasema, akikunja waya za mita, "ili siku nyingine nikisema dereva hana kosa, nisilazimike kumvua mtu viatu."